Riba ilishuka, mkopo ukapotea

Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozikataza benki za Kenya kutoza riba inayopita kiwango cha riba cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Riba ikabanwa kwenye asilimia 14 hivi kwa mwaka. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu: benki zilikuwa zikivuna faida nono huku wakopaji wakilia.

Novemba 2019 sheria ikafutwa. Hoja ya benki dhidi yake ilikuwa ya hesabu tu. Mkopo wa shilingi 10,000 wa mwezi mmoja, kwa riba hiyo, unaingiza kama shilingi 117. Hapo toa mshahara wa afisa aliyekwenda soko la Gikomba, Nairobi, kukagua kibanda, uone kinachobaki. Basi sheria ilipokuwapo benki zikaikopesha serikali na kampuni kubwa. Mwenye kibanda akabaki na mikopo ya simu kama M-Shwari, iliyomtoza asilimia 7.5: shilingi 750 kwa mkopo uleule. Kwa kuwa iliitwa ada, sheria ya riba haikuigusa.

Hesabu hiyo naikubali. Nisichokubali ni dai kwamba riba ikiachwa huru mikopo itamfikia mdogo. Kabla ya 2016 riba ilikuwa huru, na asiye na hati ya shamba alirudishwa mlangoni vilevile.

Halafu Novemba 2022 ukaja Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, wa Rais William Ruto, riba asilimia 8 kwa mwaka, mkopo wa kuanzia shilingi 500. Riba ya chini kweli, ila unarejesha ndani ya siku 14! Anayeuza nyanya atamudu, maana pesa yake huzunguka kila siku. Huyo hata ile ada ya 750 huenda akaistahimili. Fundi cherehani anayetaka mashine ya pili ataihitaji mwaka mzima ijilipe. Afadhali huyo apewe riba ya asilimia 20 kwa miezi 18 kuliko 8 kwa wiki mbili. Tumebishana miaka yote hii kuhusu bei ya mkopo, muda wake tukausahau.

Mwaka 2020 serikali ilianzisha mpango wa kubeba sehemu ya hasara benki zinapowakopesha wafanyabiashara wadogo. Huko ndiko ningepeleka pesa za umma, ingawa uamuzi wa nani apewe bado uko kwa benki zilezile.