Kabla ya Kutazama Kalori, Tazama Kipimo

Wengi wakishika pakiti ya chakula hutafuta namba moja tu, ile ya kalori. Wakiona 120, roho inatulia. Kwangu mimi hiyo ni namba ya kutazamwa mwisho. Ya kwanza ni kipimo cha mlo mmoja, yaani ni gramu ngapi za chakula hicho zenye hizo kalori 120.

Tuseme pakiti ya biskuti ina gramu 150. Lebo inasema kipimo ni biskuti mbili, gramu 25, kalori 120. Haya, nani hufungua pakiti akala mbili, akaifunga na kwenda zake? Gawanya 150 kwa 25, unapata 6. Zidisha kwa 120: pakiti nzima ina kalori 720. Hakuna aliyedanganya, ila hesabu umeachiwa wewe.

Ndiyo maana naupenda utaratibu wa Umoja wa Ulaya, ambako lebo lazima ionyeshe nishati ya kila gramu 100, au mililita 100 kwa vinywaji. Ukiwa na bidhaa mbili mkononi, unazilinganisha papo hapo. Marekani hutumia kipimo cha mlo, na mwaka 2016 ilibidi vipimo vyenyewe virekebishwe kwa kuwa watu walikuwa wanakula zaidi ya kilichoandikwa. Cha aiskrimu kilipanda kutoka nusu kikombe hadi theluthi mbili. Hatua nzuri, lakini bado kuna vituko. Sheria za huko zinaruhusu chakula chenye kalori chini ya 5 kwa kipimo kuandikwa 0. Basi mafuta ya kupulizia kikaango, ambayo ni mafuta kama mengine, hupewa kipimo cha robo gramu hivi, mpulizo usiofika hata sekunde. Robo gramu ya mafuta ni kalori 2 na kitu, kwa hiyo: sifuri! Anayepuliza mpaka kikaango king'ae anadhani hajaongeza chochote.

Namba yenyewe unaweza kuikagua. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia Mmarekani Wilbur Atwater alifanya kazi iliyotupa viwango tunavyotumia mpaka leo: gramu moja ya wanga ni kalori 4, protini 4, mafuta 9. Pombe ni 7. Biskuti zetu zikiwa na mafuta gramu 21, wanga 66 na protini 6 katika kila gramu 100, utapata 189 jumlisha 264 jumlisha 24, yaani 477. Robo yake ni 119, lebo ikakamilisha 120. Na ona mafuta yalivyo: ni sehemu ya tano tu ya uzito, lakini yamebeba karibu asilimia 40 ya kalori. Jumla yako ikipishana kidogo na ya lebo, huenda ni nyuzinyuzi, ambazo Ulaya huhesabiwa kalori 2 kwa gramu na huandikwa kando ya wanga. Kwenye lebo za Marekani zimo ndani ya wanga, usizihesabu mara mbili. Lebo ikitaja kilojuli (kJ, kipimo kingine cha nishati) peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Ila usiwe mtumwa wa tarakimu. Utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani uliotoka mwaka 2012 ulipima lozi nzima ukakuta gramu 28 zinampa mlaji kalori 129 hivi, si zile 170 zilizozoeleka kwenye lebo, kwa kuwa sehemu ya mafuta hubaki imefungiwa ndani ya chembe za lozi na kupita bila kumeng'enywa. Kwa hiyo nikisikia mtu anahangaikia kalori 7 huku hajui amekula vipimo vingapi, nacheka kimoyomoyo.

Mtego mwingine ni mizani. Lebo ya tambi kavu kwa kawaida huhesabu tambi kavu, kalori 350 hivi kwa gramu 100. Zikichemshwa hunywa maji na uzito unapita maradufu, kalori zikiwa zilezile. Anayepima gramu 100 za tambi zilizoiva kisha akaandika 350 amejizidishia zaidi ya mara mbili. Pima kabla ya kupika.