Nilienda kutia rangi kitambaa, nikarudi na mkono wa bluu

Aisee ukiwa Japani mtu akakwambia twende Tokushima tukatie vitambaa rangi ya nili, we nenda tu, ila glavu zipandishe mpaka kwapani.

Kule ndo kwenyewe kwa nili. Majani wanayakausha halafu wanayarundika, wanayamwagia maji na kuyageuzageuza siku kama 100 yaoze vizuri, hiyo ndo sukumo, kisha inaenda kwenye pipa na maji ya majivu, pumba za ngano, chokaa na sake kidogo. Eti vijidudu vya humo vinapenda pombe, nikasema basi hawa ni ndugu zangu. Ila harufu sasa! Zizi la ng'ombe wakati wa masika.

Fundi, mzee mpole, kanipa glavu na leso nyeupe, kanionyesha kwa ishara: zamisha taratibu, povu usilivuruge. Nikazamisha, leso ikaponyoka ikaenda zake chini. Mzee kageuka kuchukua kijiti, mi ningemsubiri? Nikatumbukiza mkono mzima, maji yakapita juu ya glavu yakaingia ndani mpaka ikavimba, kuivua nakuta mkono umekuwa wa kijani.

Jamani nilipiga yowe. Nani angeniambia kwamba rangi ile inatoka kijani, ikikutana na hewa ndo inageuka bluu? Mi nimekodoa macho, kiganja kinabadilika hivihivi naona, nikajua hii sumu imeshashika njia ya moyoni, na kwa presha nikajishika paji la uso. Vidole vinne vikabaki pale. Rafiki yangu badala ya kusaidia anarekodi.

Mzee akaja mbio, akanitazama, akaninyooshea mikono yake: kucha zote kumi bluu tupu. "Daijoubu," yaani hamna shida. Basi akaenda kucheka nyuma ya ukuta, maana heshima yao hairuhusu kukucheka usoni, ila ukuta wenyewe wa mbao nasikia kila kitu.

Jioni dukani naweka hela kwenye kile kisahani chao, yule dada wa kaunta akasukuma chenji kwa ncha ya kalamu. Usiku mama akapiga video.

"We mtoto, damu imegoma?"

"Hapana mama, ni nili. Nilikuwa natia rangi leso."

"Hebu nione hiyo leso."

Nikaionyesha. Ina mabaka mawili, imepaukaaa.

"Sasa hapo ulilipia leso au mkono?"