Shamba la Duke: mabani ya tumbaku yatunzwe au yaachwe yaoze?

Mjini Durham, North Carolina, Marekani, serikali ya jimbo inatunza shamba la Washington Duke, mkulima wa tumbaku: nyumba ya mbao aliyoijenga mwaka 1852, kiwanda kidogo, ghala na bani la kukaushia tumbaku. Je, kodi ya wananchi iende huko kweli?

Wanaopinga wana hoja nzito. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, na James, mwana wa Duke, ndiye hasa aliyeisambaza sigara kila kona. Katikati ya miaka ya 1880 alianza kutumia mashine ya Bonsack, iliyosokota sigara kama 120,000 kwa saa 10, wakati fundi wa mkono hakufikisha hata 4,000 kwa siku. Mwaka 1890 akaunda American Tobacco Company, ikahodhi soko hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru ivunjwe mwaka 1911. Linalouma zaidi, shamba lilitangazwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1966, miaka 2 tu baada ya ripoti ya serikali ya Marekani kueleza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu.

Hasira hiyo naielewa. Hata hivyo, siungi mkono majengo kuachwa yaanguke.

Sogea karibu na bani. Kuta ni za magogo, nyufa zimezibwa kwa udongo. Majani yalifungwa kwenye fito na kutundikwa safu juu ya safu hadi darini, kisha mtu akakesha siku kadhaa akichunga moto, maana joto likizidi mapema jani huharibika. Ustadi wa kupata jani la njano husimuliwa kuwa ulianza mwaka 1839 kwa Stephen, mhunzi aliyekuwa mtumwa katika wilaya ya Caswell: moto ulipofifia, akautia mkaa wa kufulia chuma. Utajiri wote uliofuata, hadi Chuo Kikuu cha Duke, uliegemea jani hilo.

Tena Duke husifiwa kama mkulima aliyerudi kutoka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani mwaka 1865 mikono mitupu, akajikwamua kwa jasho lake. Kabla ya vita alimmiliki mwanamke aliyeitwa Caroline. Bila nyumba ile, ni rahisi mno sifa hizo kubaki na Caroline kusahauliwa.

Kwa hiyo yatunzwe, kwa sharti moja: mgeni akutane na Stephen, Caroline na wagonjwa wa mapafu kabla hajaoneshwa mali ya akina Duke.