TLD si ya kila mtu kwa namna ileile
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wanaoanza ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) hapa Tanga hupewa "dawa moja kwa wote", yaani TLD. Si hivyo hasa. Kidonge cha TLD kina dawa tatu ndani yake, tenofovia miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravia 50, na humezwa kimoja kwa siku. Kimetangulizwa mbele ya kile chenye efavirenzi, dawa nyingine ya VVU, kwa sababu hushusha virusi haraka na virusi huchelewa kukizoea. Kikikunyima usingizi, kimeze asubuhi.

Tofauti zinaanzia hapa. Mwenye figo dhaifu huenda akapewa abakavia, dawa nyingine ya VVU, badala ya tenofovia. Anayetumia rifampisini ya TB huongezewa dolutegravia miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, maana rifampisini hulifanya ini liiondoe dolutegravia upesi mwilini. Jamani, hili lisisahaulike kabisa, mtaje dawa zote mnazomeza mkifika CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU)!

Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu hunasa dolutegravia tumboni: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kwenda pamoja na TLD, ila mkiwa mnakula. Na mwenye homa ya ini B asiache tenofovia kimyakimya, ugonjwa wa ini unaweza kulipuka.