Drafti ikifika, kila mtu anataka mpokeaji
Kila Aprili drafti ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani, ikikaribia, yaani siku timu zinapochagua wachezaji kutoka vyuoni, mashabiki wanalilia mpokeaji (mdaka pasi) mwenye mbio. Walinzi wa kwotabeki, yule mrusha pasi, hawatajwi mpaka mmoja wao aumie. Inakera mno! Februari 2025 Kansas City waliingia fainali na Joe Thuney, mtu wa katikati ya safu, akiziba pembeni kushoto, kwa kuwa benchini hapakuwa na wa kuaminika. Wapinzani wao Eagles wakamwangusha Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, mara 6, tena bila kuongeza watu wa kumvamia, wakashinda 40-22. Ndipo chaguo la Kansas City la raundi ya kwanza ya drafti likaenda kwa Josh Simmons, mlinzi wa kushoto, naye alikuwa anauguza goti tangu chuoni. Jamani, mleteeni Mahomes walinzi wa akiba wawili! Mpokeaji asubiri raundi za chini.