Mume Wangu Alipofuga Bahari Fuoni

Lawama ziende kunakostahili: wazo la kupanda mwani uani kwetu Fuoni halikuwa langu. Mimi ni mtoto wa Paje, Zanzibar. Mbegu za mwani wa biashara zilipoletwa kutoka Ufilipino na kuanza kupandwa pwani ya kwetu mwaka 1989, mama alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia majini na kamba na vigingi vyao, na mimi nilikuwa mgongoni. Nimejua kufunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Mtu aliyekua hivyo, akishaolewa mjini, haoti tena mwani. Huota sakafu kavu.

Mwenye ndoto ni bwana yangu. Yeye ni mtu wa ofisini, bahari anaijua kwa upande wa Forodhani, jioni, pweza akiwa keshaiva. Akapelekwa semina ya uchumi wa buluu, akarudi na mkoba, fulana na macho ya mtu aliyeoteshwa. Usiku ule hakulala. Alikuwa akinionesha kwenye simu Wajapani wa kisiwa cha Okinawa wanaootesha mwani wao wa kula, ule unaoitwa zabibu za bahari, ndani ya matangi nchi kavu.

"Unaona?" akasema. "Tangi tu. Hakuna kusubiri bamvua maji yapwe, hakuna kuchomwa na miba."

"Hao matangi yao yako ufukweni," nikamwambia. "Wanavuta maji mapya ya bahari. Wewe hapa Fuoni utavuta nini?"

"Hiyo ndiyo changamoto," akajibu, na uso umemchangamka.

Nikampigia simu mama ili amkatishe tamaa. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu anataka kufuga bahari?" Kisha, kwa kuwa anampenda mkwewe kuliko anavyonipenda mimi, akasema mbegu atampa. Si mwani wa aina ya kotonii, hapana. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji ya kina kifupi yamezidi joto na imekuwa ikiwafia wanawake wanaoijua fika, sembuse karani. Atampa spinosamu, ambayo bei yake ndogo lakini haina deko. Akatutilia nusu polo, mbichi, akaufunika kwa gunia la majimaji usikauke, tukapanda nao daladala. Maji yakamchuruzikia abiria aliyekaa mbele yetu tangu Jozani mpaka Tunguu, na kwa heshima za Kizanzibari hakusema neno. Aliinua miguu tu.

Tangi lenyewe lilikuwa jeusi, la lita 1,000, la zamani, lililopasuka juu. Fundi akalikata kichwa na kuacha mfereji wake, yaani bomba la kufungulia maji, pale chini. Huo mfereji ukumbukeni.

Sasa maji. Lita 1,000 ni madumu 50 ya lita 20. Bwana akakodi gari ya mizigo, akateka Mazizini, na walipofika nusu dereva akasema mgongo wake haukuhudhuria semina. Nusu iliyobaki ikawa ya maji ya kisima, yatiwe chumvi. Kiasi gani? Mume wangu alikuwa amesikia mahali kwamba maji yakifikia chumvi ya bahari, yai huelea. Mimi tangu nizaliwe sijaona yai likielea baharini. Yai zima huzama hata Paje. Lakini yeye alichukua yai jikoni, akalitia kwenye ndoo ya maji ya kisima, kabla hajatia hata chembe ya chumvi, nalo likaelea. Akaniita nje nishuhudie kwamba maji ya Fuoni tayari ni bahari.

Lilikuwa viza.

Ikabidi tupige hesabu kwa kalamu. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Lita 500 zinataka kilo 17 na nusu. Bahari si chumvi ya mezani peke yake, ina magnesi na kalsi na madini mengine chungu nzima, lakini hayo dukani kwetu hayapatikani. Muuza duka aliposikia tunataka kilo 18 za chumvi akauliza kama tumeletewa papa wa kukausha. Bwana akajibu kwa fahari, "Hapana, ni ya uani." Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba nyumba yetu tunaizungushia kago la kuzuia wachawi, na watu wawili watatu wakaja kuuliza kwa upole ni nani tunayemshuku.

Tukafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo, nikamfundisha kukata vichipukizi na kuvifunga kwa taitai, na kwa muda palipendeza, sikatai. Kisha bahari ikaanza kudai haki zake. Mwani unataka maji yanayopita, ndiyo yanayouletea chakula na kuusafisha. Kwa hiyo ikanunuliwa pampu, ikawa inanguruma usiku kucha, na umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, tukawa tunaununua kuliko unga. Mwani hautaki joto kali. Tangi jeusi juani lingeweza kuchemshia mihogo. Kwa hiyo likatandikwa kanga yangu kupata kivuli, ile mpya, yenye maneno "Usilolijua ni usiku wa giza". Jirani zangu walifikiri nimeianika makusudi.

Lakini kasheshe hasa ilikuwa chumvi. Jua likiwaka, maji hupungua na chumvi hubaki, kwa hiyo jioni bwana alitia maji ya kisima. Mvua ikinyesha, chumvi huzimuka, kwa hiyo usiku alitia chumvi. Maji yakifurika, yakamwagika, alitia tena chumvi kufidia iliyomwagika. Hakuwahi hata mara moja kupunguza. Si tabia yake. Bata wa mama mkwe, ambao mwanzo walikuwa wakiruka ndani na kufanya sherehe, sasa walikuwa wakichovya mdomo, wanatingisha kichwa na kuondoka.

Ncha za mwani zikaanza kupauka, mashina yakawa yanakatika yenyewe. Huo ni ugonjwa unaojulikana. Mwani ukitaabishwa na joto au chumvi isiyotulia huwa hivyo, na mama aliutambua kwenye simu kabla sijamaliza sentensi. Bwana yeye aliona unataka naitrojeni. Nikamkuta anakwenda uani na ndoo ya mavi ya kuku. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka akairudisha. Kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo, na sasa hivi mtaona kwa nini.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa anaoza binti yake. Shughuli kubwa, hema mpaka barabarani. Usiku wa kuamkia harusi wapishi walikuwa uani kwao na kuni na masufuria yale ya kuogea mtu mzima, na mfereji wa mtaa, kama kawaida yake inapokuja shughuli, ulikuwa haukohoi. Kijana mmoja akatumwa kwetu. Mimi na bwana tulikuwa tumelala. Aliyekuwa macho ni mama mkwe wangu, ambaye masikio yamechoka lakini ukarimu bado. Yeye hakupata kuafiki kwamba lile tangi ni bahari. Kwake tangi ni maji, na maji ni ya kutoa.

"Bi Mkubwa, shikamoo. Tunaomba maji ya kuchemshia wali."

"Marahaba mwanangu. Lile tangi hapo uani. Fungua mfereji wa chini, uchote mpaka utosheke. Maji hayanyimwi mtu."

Giza lilikuwa totoro, kanga ilikuwa imefunika juu, na kijana alichota, kwa adabu zote, mpaka akatosheka.

Mpishi alikuwa mpishi hasa, wa wale ambao watu hupanga tarehe ya harusi kwa kumfuata. Mpishi wa daraja hiyo haonji. Hunusa. Na mchele wa biriani, kama mjuavyo, huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi, kisha yakamwagwa. Kwa hiyo juu ya chumvi ya Mazizini, na ya dukani, na ya kufidia, naye akatia ya kwake, kwa mkono wake uliozoea. Nimeambiwa alifunua sufuria, akavuta pumzi, akasema mchele wa safari hii una harufu nzuri, sijui umetoka wapi.

Adhuhuri tukakaa kwenye majamvi, watano watano kwa sinia. Wali mweupe na wa zafarani, masala juu yake, harufu inakuita kwa jina. Nikatia tonge kinywani. Nikatazama wenzangu wa sinia, nao wananitazama. Mama wa bibi harusi alikuwa akipita katikati yetu, kajifunga kibwebwe, anauliza, "Mmekionaje chakula, jamani?"

"Mashallah," akajibu mmoja kwa sauti iliyokauka. "Kimekolea."

Hakuna aliyesema zaidi. Watu walikula kwa heshima, yaani walisogeza wali kutoka upande mmoja wa sinia hadi mwingine. Nyama iliisha kwanza. Soda zikaisha. Duka la pembeni likaisha maji ya chupa, watoto wakatumwa la pili. Upande wa wanaume, mwanangu aliniambia baadaye, mzee mmoja mwenye presha alikitazama chakula kwa uchungu mkubwa kisha akajisaidia kwa ndizi, na shehe aliyeombwa dua ya kuwashukuru wenyeji aliisoma fupi sana, akakaa, akanyoosha mkono kuomba maji.

Lakini mama alikuwa amekuja kutoka Paje, na mama yangu adabu za mjini hakujaaliwa. Alitafuna tonge lake polepole, kafumba macho.

"Bahari hii," akasema. Akatafuna tena. "Lakini si ya kwetu. Hii ya mjini."

Jamvi zima likanyamaza. Mama akaingiza vidole kwenye wali, akatoa kijitawi chembamba chenye vimiba, kimelegea kwa moto, akakiinua juu kwenye mwanga watu wote wakione.

"Na hii," akasema, "ni mbegu yangu."

Sijui kama mmewahi kutazamwa na wanawake wa mtaa mzima kwa wakati mmoja, wote wana kiu.

Nikamshika mama mkono tukatokea mlango wa nyuma. Bwana alikuwa keshafika, na kanzu yake ya harusi, kasimama kando ya tangi. Maji yalikuwa yamebaki kifundo cha mguu. Kamba zilikuwa zinaning'inia, mwani umelala chini juani, na bata wote walikuwa ndani wanatembea wakichungulia huku na huku. Mume wangu alikuwa akiomboleza mwani. Hakuwa na habari ya biriani. Mama akainama akatazama, akanyanyuka.

"Bamvua hilo," akamwambia mkwewe. "Yanajaa saa ngapi?"

Kisha akajifunga kanga, akaingia tangini, akavuna uliobakia, na kabla ya alasiri ulikuwa umeanikwa juu ya paa la banda. Kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja kavu, na wetu haukufika hata hiyo kilo moja.

Mama mkwe wangu, alipoelezwa yaliyotokea, alisema watu wa siku hizi hawana shukurani.

Bwana alikwenda mwenyewe kwa baba wa bibi harusi kuomba radhi. Alilipia soda zote na maji yote ya chupa, na mpishi akapelekewa ujumbe kwamba jina lake halikuharibika, ingawa nasikia tangu siku hiyo anaonja. Jirani ni muungwana, alipokea radhi, wakanywa kahawa. Wakati wa kuagana akamshika mume wangu bega, akasema kwa upole kwamba mdogo wake bibi harusi naye kashaposwa, inshallah ndoa ni Mfunguo Sita, na angependa kujua mapema, kwa nia njema tu, kama lile tangi litakuwa bado lipo.

Bwana yangu akamtoa wasiwasi. Mambo ya mwani yamekwisha, alimwambia. Kufikia Mfunguo Sita humo ndani kutakuwa na majongoo bahari.