Kabla ya kuhamisha mnara, pimeni

Ndugu mwandishi, wazazi uliowahoji wanaotaka mnara wa simu uondolewe karibu na shule wana haki ya kuuliza, ila makala nzima haina kipimo hata kimoja. Tuchukue antena ya megahezi 900 inayorusha mbele yake nguvu sawa na wati 1,000. Ukisimama mita 50 usawa wake, unapata takriban wati 0.03 kwa mita ya mraba. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya wanasayansi inayopendekeza vikomo vya mawimbi ya redio, kwa umma ni wati 4.5. Umbali ukiongezeka maradufu, inabaki robo.

Hatari iko kwenye mita nne hivi za mwanzo mbele ya antena. Fundi asipande huko mtambo haujazimwa! Mawimbi haya hayavunji DNA kama eksirei, lakini hupasha mwili joto, na lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza.

Jambo ambalo makala imelisahau kabisa: simu yenyewe. Mnara ukiwa karibu, simu hupunguza nguvu; ukiwa mbali, au wewe ukiwa ndani ya nyumba ya bati yenye mtandao wa kijiti kimoja, inapanda hadi kikomo chake, kama wati 0.2 kwa 4G, nayo imebanwa sikioni. Sogea dirishani, tumia spika au waya wa masikioni.

Wazazi, daini upimaji darasani, madirisha wazi, saa ambazo mtandao una watu wengi, wastani wa dakika 30, na matokeo yabandikwe ubaoni shuleni.